Mwambie Shefu Kuhusu Mgongo Wako

Ngagara, Jumapili

Mjukuu wangu Désiré,

Sisi tu wazima, ila nyumba imekuwa kimya tangu bibi yako alipotutoka. Unauliza kama umwambie shefu, mkubwa wako wa kazi, kwamba umeumia mgongo kazini, au ufiche usije ukafukuzwa.

Mimi niliumia nikibeba magunia ya mchele huko Buterere. Wenzangu wakanilaza chini, wakamwita mama wa mapacha anikanyage mgongo, maana ndiyo dawa tuliyoijua. Bibi yako akaja mbio: "Apana! Mutu ni mukeka? Kwanza shefu ajue, kisha hospitali!" Shefu alinuna, lakini akanipeleka. Nilipumzika, nikarudi kwa kazi nyepesi ya kushona magunia. Hadi leo nainama mwenyewe kupalilia kaburi la bibi yako.

Mwambie kesho asubuhi. Na ukisali, nitaje.

Babu yako