Kikaango Kimoja, Kazi Mbili

Shangazi Athanasie mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni msomaji wa ukurasa wako kwa miaka mitatu sasa, au niseme ukweli, msomaji ni mke wangu, yeye ndiye hununua gazeti kila Ijumaa na kuanza na barua zako, hunisomea kwa sauti huku mimi nikiwa mezani na kazi zangu, na tumewacheka sana watu na matatizo yao, sasa leo zamu ni yangu na naomba unisaidie.

Nina miaka thelathini na minane, natunza stoo kwenye ghala moja kule Masoro, naishi Kinyinya na mke wangu Spès na binti yetu Kaze wa miaka minne. Sisi wawili tulikulia Karagwe, upande wa Tanzania, ndiyo maana ndani ya nyumba yetu tunaongea Kiswahili. Sinywi pombe na sina mwanamke mwingine, nasema haya mapema ili usianze kukisia. Ninachopenda ni kutengeneza taa, na sisemi kufunga balbu, nasema kutengeneza bodi yenyewe ya taa, yaani naagiza bodi nyembamba za alumini na vitaa vya LED vile visivyo na miguu, vidogo kuliko punje ya mchele, napaka kwenye bodi risasi laini ya kulehemia inayotoka kwenye bomba la sindano, nalaza kitaa kimoja kimoja kwa kibano nikiangalia upande upi ni chanya na upi ni hasi, halafu bodi nzima naipasha moto kutoka chini mpaka ile risasi ya kijivu igeuke maji yanayong'aa na kila kitaa kijivute chenyewe mahali pake. Zile sekunde chache, Shangazi, sijui nikuelezeje, hata kelele za ghala za wiki nzima zinanitoka kichwani.

Shida ilianzia kwenye kupasha moto. Watu wenye uwezo wana kisahani maalumu cha umeme. Mimi nilianza na pasi ya nguo niliyoigeuza juu chini, ikawa inaunguza katikati na pembeni vitaa havishiki, ndipo nikakitazama kikaango cha chapati cha Spès. Ni kizito, ni bapa kabisa, na juu ya jiko la gesi joto lake linasambaa sawasawa. Alipewa na mama yake siku tunahama Karagwe. Nilikijaribu Jumapili moja yeye na Kaze wakiwa kanisani kwenye mazoezi ya kwaya, na bodi ilitoka safi sijawahi kuona. Basi ikawa kila Jumapili, wao kwaya mimi kikaango, nikimaliza nakisugua kwa majivu na sabuni mpaka nijione humo, nakirudisha kwenye msumari wake ukutani. Nilijua ile risasi ya kulehemia ina risasi kweli, yale madini ya sumu, imeandikwa kwenye bomba, niliichagua hiyo kwa sababu inayeyuka upesi kuliko zile zisizo na risasi na inang'aa vizuri. Nilijiambia kilichosuguliwa kimesafishwa.

Sasa risasi ile ikichemka hutema punje ndogondogo za duara. Nyingi nilikuwa naziona nazikusanya. Kumbe nyingine zilikuwa zinabingirika na kujificha pale mkono wa kikaango unapoungana na chuma, na mafuta ya chapati yalipopita hapo yakazitoa. Wiki tatu zilizopita tuko mezani, Kaze akainua chapati yake akasema, "Papa, angalia, chapati iko na jicho." Spès akaichukua, akaitoa ile punje kwa ukucha, akanionyesha. "Hiki ni kitu gani?"

Niliijua palepale. Nikasema, "Labda kimetoka kwenye unga."

Maneno manne tu hayo, Shangazi, lakini unga wetu tunanunua kwa Usumani mwenye butike, kile kiduka cha pale njia panda, na Spès si mtu wa kulaza jambo. Asubuhi alienda na ile punje ndani ya karatasi, akamwambia mbele ya wateja kwamba anafagia unga wa sakafuni na kuurudisha kwenye gunia. Jioni mzee Usumani akaja mpaka getini kwetu, amebeba kilo mbili za unga na chekeche. Akasema, "Mama Kaze, unga yangu iko safi. Wallahi, leta sinia tuchekeche wote, na wewe uangalie." Akachekecha pale uani amechuchumaa kwa kanzu yake, Kaze akimtazama, na hakikutoka kitu. Spès akamwambia, "Huo umeuandaa. Nataka ule wa siku ile." Mzee akanitazama mimi. Nikasema, "Tutaliangalia, mzee wangu." Akaondoka akituachia ule unga.

Tangu hapo majirani watatu wanapanda mpaka barabara kuu kununua unga. Nilipita butikeni kwake juzi nikamkuta anachekecha gunia zima kabla ya kuuza, peke yake, na anachekechea chini ya taa niliyomtengenezea mimi mwaka huu kama zawadi ya Idi. Taa hiyo iliokwa kwenye kikaango hichohicho. Alinishukuru tena, akasema siku hizi macho yake hayaoni vizuri na taa ile inamsaidia.

Jumamosi hii ni umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa mzima, na Spès ameshasema kwamba tukimaliza kazi na kukaa mkutano wa mudugudu, yaani wa mtaa wetu, atanyanyuka aeleze habari za unga wa Usumani ili kiongozi ampeleke kwa wakaguzi. Nikisema ukweli, nitamwaibisha mke wangu aliyegombana kwa ajili yangu, naye atajua mimi ndiye nimekuwa nikiwalisha vile vitu, na taa zangu zitaishia jalalani. Nikinyamaza, wakaguzi watapima unga, hawatakuta kitu, na mambo yatatulia yenyewe. Nimeyapima yote mawili na naona la pili lina madhara kidogo. Lakini silali vizuri. Je, nakosea wapi? Ukichapa barua hii tafadhali usinitaje.

Fundi wa Taa, Kinyinya

*

Fundi wa Taa,

Marahaba. Barua yako ilifika Jumatatu, na kwa kuwa uliandika namba ya simu nyuma ya bahasha, nilikupigia mchana uleule, maana kuna mambo ambayo hayasubiri gazeti. Uliniambia kikaango umekiondoa jikoni na umekificha juu ya kabati. Vizuri. Nikakuambia umpeleke mtoto kituo cha afya kesho yake asubuhi. Ukanijibu, "Nikimpeleka, Spès atauliza kwa nini." Hapo nilishika kichwa, mwanangu. Mtoto amekula risasi, na wewe unaogopa swali.

Unauliza umekosea wapi. Sikulaumu kwa kuazima kikaango mara ya kwanza. Ujinga wa mara ya kwanza ni wa kila mtu, na mimi mwenyewe niliwahi kupimia dawa ya panya kwa kijiko cha chai. Lakini wewe ulisoma bomba. Ulijua ni risasi, ukaamini majivu na sabuni kwa sababu bodi zilikuwa zinatoka nzuri. Kusugua kunaondoa kinachoonekana. Ulichotakiwa kukiogopa ni kile usichokiona, na mtu anayeshika vitaa vidogo kuliko mchele kwa kibano alipaswa kulijua hilo kuliko sisi wengine.

Na hili la pili ndilo lililonikasirisha kweli. Umeandika kwamba umepima ukaona kunyamaza kuna madhara kidogo. Kwa nani? Waswahili wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wewe hukuchuchumaa uani kwa mtu na chekeche mkononi, ukiapa kwa Mungu mbele ya mtoto wa miaka minne. Unasema wakaguzi hawatakuta kitu na mambo yatatulia. Mwenye butike akishatajwa mkutanoni kwamba unga wake ni mchafu, nani atangoja majibu ya wakaguzi? Watakaa kimya, watampa pole, na wataendelea kupanda barabara kuu. Wewe mwenyewe umewahesabu watatu tayari, na bado hajatajwa.

Eti unaogopa kumwaibisha mke wako. Anayemwaibisha ni nani? Spès alifanya kile mama yeyote angefanya akikuta kitu kwenye chapati ya mwanawe: alikwenda kwa aliyeamini ndiye mwenye kosa, kwa ushahidi uliompa wewe. Ukimwacha anyanyuke Jumamosi, unampeleka mbele ya mtaa mzima na uongo wako mdomoni mwake. Njia ya mwongo ni fupi, siku atakapokuta punje ya pili popote ndani ya nyumba ile, iwe mezani, iwe kwenye zulia, atajua. Hapo hatakusamehe kwa kikaango wala kwa Usumani.

Basi nisikilize, na usianze kupima tena.

Leo hii mwambie Spès. Usingoje Kaze alale, wala usianze na habari za joto kusambaa sawasawa. Sema, "Ile punje ilikuwa yangu." Akikasirika, mwache akasirike, ana haki. Akilia kwa ajili ya kikaango cha mama yake, usimwambie utamnunulia kingine.

Kisha nendeni kituo cha afya wote watatu. Mwelezeni mhudumu bila kupunguza: ni risasi ya kulehemia, ilipita kwenye kikaango cha chakula, tangu mwezi fulani, kila wiki. Beba lile bomba alisome mwenyewe. Ulizeni kipimo cha damu cha risasi, na kama hapo hawana, waombeni wawaelekeze hospitali ya kipimo hicho. Kaze ndiye wa kwanza, kwa sababu risasi huwaumiza watoto wadogo kuliko sisi na haitoi dalili mapema. Inawezekana asikutwe na kitu kikubwa. Mimi sijui, na wewe hujui, ndiyo maana wapo wenye vipimo.

Kikaango usimpe mtu wala usikitupe kizima, maana atakiokota mwingine akakaangie mayai. Kitoboe tundu katikati ili kisipikiwe tena maisha yake yote, halafu kifanye cha kazi yako ukitaka. Sikwambii uache taa. Mtu mwenye kitu kinachomtuliza baada ya wiki ya ghalani asinyang'anywe. Ila hamia stoo ya nje au kibarazani, penye upepo, mbali na jiko na meza ya kulia. Tafuta ile ya kulehemia isiyo na risasi, hata kama haing'ai. Meza uipanguse kwa kitambaa kibichi, usifagie vumbi, na mikono uinawe kwa sabuni kabla hujamshika mtoto.

Halafu Usumani. Nenda butikeni kwake Ijumaa jioni, saa ile wateja ni wengi, kwa sababu alitukanwa mbele ya wateja. Spès akitaka kuja nawe, aje. Asipotaka, nenda peke yako. Mwambie kosa ni lako, na uliseme kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye benchi la nje. Na taa uliyompa, ishushe uipanguse vizuri kwa kitambaa kibichi, uifungie kifuniko, uirudishe. Anaihitaji.

Jumamosi baada ya umuganda, wakati mkutano unafunguliwa, unyooshe mkono wewe. Najua mtaa mzima utakuwepo na majembe yao, na najua wengine watacheka. Watakuuliza maswali ya taa ambayo hukuyatarajia, na utajikuta unawaeleza vijana wasichomee vitu kwenye vyombo vya kupikia. Hilo nalo litakuwa na faida kuliko kupanda mti.

La mwisho. Kwenye simu uliniruhusu nichape barua yako mradi nisikutaje, na sikukutaja. Nimebadilisha jina la mkeo, la mtoto, la mzee mwenye butike, ghala unalofanyia kazi na mtaa mnaokaa. Hakuna jirani atakayekutambua. Lakini, kama nilivyokuonya kwenye simu, gazeti linatoka Ijumaa asubuhi, mkeo hulinunua Ijumaa, na umeniambia mwenyewe kwamba huanza na ukurasa huu na huusoma kwa sauti. Kwa hiyo muda ulio nao ni ule wa yeye kwenda kulinunua na kurudi.

Chapati yenye jicho nimeiacha kama ilivyo.

Shangazi Athanasie