Slaidi 417 Haiondolewi

Msambweni
Jumapili, 15 Juni 2025

Kwa kaka yangu mpenzi Kheri,

Shikamoo kaka. Natumai barua hii itakukuta salama huko Salala, wewe na wenzako wa kazi, na kwamba lile bega limeacha kukusumbua. Sisi tunashukuru Mungu. Mama amerudi kula vizuri kidogo, anakusalimu sana, na anasema usilale umeelekeza feni kifuani.

Wiki ijayo binti yangu Nusra atatimiza miezi miwili kaburini. Alikuwa na mtindo wa kunifunga fundo kwenye pindo la leso nikienda kazini, eti nisisahau kumletea mabuyu. Fundo moja limebaki. Naifua leso hiyo kwa uangalifu lisifunguke.

Uliponipigia ulinishauri nitie sahihi karatasi ya Daktari Elijah, mkuu wa mradi wetu wa utafiti, nisije nikapoteza kazi, kwani aliyekwenda harudi. Mama alikuwa karibu, nikageuza mazungumzo. Jibu langu ni hili: sitii sahihi, na nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujanikasirikia.

Unajua kazi yangu ni kusoma damu kwa darubini na kutafuta vimelea vya malaria. Mwaka huu mradi ulileta kompyuta inayopiga picha za slaidi, vile vioo tunavyopaka damu, na kuzisoma yenyewe, nasi majibu yetu yakawa yanalinganishwa na yake. Ngala, mwenzangu wa Kinango, aliita mashine hiyo mkwe mgeni: haili, haisemi, na nyumba nzima inaiogopa. Tulicheka, lakini kweli tuliiogopa.

Baada ya Idi ya Ramadhani tuliishiwa na dawa ya kusawazisha maji ya kuchanganyia rangi tunayotia slaidi ili vimelea vionekane. Tukachota kwenye kisima cha nyuma ya maabara, maji yale ya munyu, kama tulivyofanya miaka yote tukikwama. Maji hayo huifanya slaidi iwe buluu mno, na ile nukta nyekundu ya kimelea hufifia. Macho yetu yameyazoea. Kompyuta ilifundishwa kwa slaidi za bara, zilizotiwa rangi kwa maji mengine, na hakuna aliyekumbuka kuiambia.

Siku hizo ndipo Nusra aliposhikwa na homa. Mama alimpeleka kliniki ya mradi mimi nikiwa kazini. Vipimo vya haraka vilikuwa vimekwisha, akatolewa damu, na jibu likarudi kwamba hana malaria. Alipewa panadol. Mimi mwenyewe niliiona ile karatasi nikatulia. Siku ya tatu alitutoka kabla hatujafika hospitali.

Nilirudi kazini baada ya arobaini. Kwenye kadi yake ya kliniki kulikuwa na namba 417, nikaitafuta slaidi ya namba hiyo. Kila mgonjwa huwekewa slaidi mbili, na ya pili hukaa kwenye friza bila kutiwa rangi. Nikaitoa ya Nusra, nikaitia rangi kwa maji yaliyosawazishwa, nikaipa kompyuta. Iliviona vimelea papo hapo, ikavihesabu bila wasiwasi. Nikafanya hivyo kwa wagonjwa thelathini wa wiki ile. Kumi na mmoja walikuwa wameambiwa hawana kitu, na walikuwa nacho.

Nilimpelekea Daktari Elijah daftari. Si mtu mbaya, kaka. Alikuja matangani akakaa mkekani na watu. Alisoma, akavua miwani, akasema rangi ya slaidi za wiki hiyo ilikuwa mbovu, kwa hiyo zitaondolewa kwenye hesabu na ripoti itabaki safi. Ndiyo karatasi anayotaka niisaini, kwa kuwa mimi ndiye msomaji. Nilimwambia kwamba watu hawakuugua kwa rangi, waliugua kwa malaria, na kwamba mashine hiyo ikipelekwa Bodo na Mwabungo itakutana na visima vilevile. Akanijibu kwamba nina uchungu, nikapumzike. Nilimwambia uchungu ninao, na hesabu pia ninayo.

Alhamisi kamati inayosimamia utafiti inakutana Kwale mjini. Nitakwenda na slaidi zote mbili za Nusra na daftari.

Sasa nikwambie ambalo hata Mama hajui. Slaidi huja kwa namba tu, bila jina. Ile 417 niliisoma mimi siku ileile aliyotolewa damu. Nikaviona vimelea, nikaandika kwamba vipo. Kompyuta ikasema havipo. Kanuni inataka tukitofautiana asome mtu wa tatu, lakini alikuwa likizo, na tulishaambiwa macho yetu yamechoka. Nikakata nilichoandika, nikaandika hakuna. Mstari wangu upo kwenye daftari, na chini yake maneno yangu ya kwanza bado yanasomeka.

Wanakamati wataliona hilo, na watanilaumu. Acha wanilaumu. Nitawaonyesha mimi mwenyewe kabla hawajauliza, kisha nitawaambia kwamba niliona sawa, na kwamba sitakata mara ya pili. Mama nitamwambia Jumatano baada ya alasiri, asije akalisikia kwa watu.

Wasalimie wenzako wote. Nakuomba Alhamisi, ukimaliza sala ya asubuhi, umtaje Nusra katika dua, na mimi unikumbuke.

Ni mimi mdogo wako,
Hasina