Mama, Walikubeba Watu Usiowajua

Mama,

Arobaini yako imepita na mie bado nina hasira. Nimemkasirikia mwanao Idi. Najua ungeniambia nimwache, ni kaka yangu mkubwa. Simwachi. Ngoja kwanza nikueleze.

Unaikumbuka redio yako pale jikoni Chamazi? Habari zikifika kwenye vita, unaacha kuchambua mchele, unaweka ungo chini, unawaombea. Watu wa Sudani, wa Kongo, hata wale ambao jina la mji wao lilikushinda kulitamka. Idi alikuwaga anakutania, "Mama nawe, kwani unawajua?" Unamjibu, "Na wao hawanijui. Kwa hiyo?" Basi, ungo unarudi mapajani na sie tunacheka.

Kwenye hitima yako nilitaka jambo moja tu. Ustadhi akishakuombea wewe, awaombee na wanaouawa Sudani, maana umeondoka wao wakiwa midomoni mwako. Mie nilikuwa uani na wanawake wenzangu kwenye masufuria ya pilau, nikampa Idi neno amfikishie ustadhi. Nikatega sikio kwenye spika. Akaombewa babu, akaombewa shangazi, wakaombewa majirani, hadi mama mkwe wa Idi aliye hai na afya yake! Wa Sudani, kimya. Amina, masinia yakatoka.

Nikamfuata Idi. Akaniambia, "Hitima ya Mama siyo mahali pa siasa. Kila mtu ana misiba yake." Siasa! Mtoto kaangukiwa na ukuta wa nyumba yao, siasa iko wapi hapo, Mama? Nilitamani nimmwagie mchuzi.

Mie siyo mjinga. Najua dua yangu haizuii bomu. Lakini nikizoea kusikia watu wameuawa na mkono wangu hausimami hata kidogo kwenye ungo, kesho nitaambiwa wa Kigoma, keshokutwa wa Mbagala, nami nitaendelea kuchambua tu. Hilo ndilo linalonitisha, wala Idi halimwingii.

Juzi tulikwenda Mbagala kununua saruji ya kujengea kaburi lako. Likapita jeneza, wanaume wanakwenda nalo mbiombio. Idi huyo, kanirushia simu na funguo, kavuka barabara, kaingiza bega, kabeba hadi konani akapokewa. Akarudi shati limelowa jasho. Nikamuuliza, "Ulikuwa unamjua?"

Akasema, "Usianze."

Nimeshaanza. Siku yako nilisimama dirishani nikaona unavyotoka. Hata barabarani hujafika, wameshakupokea mafundi gereji, muuza mihogo, na kijana mmoja ambaye sijamwona kabla wala baada. Hakuna aliyeuliza huyu mama ni wa nani. Nilikuwa sijiwezi, Mama, lakini kuwaona wale watu ndiko kulikonisimamisha. Na Idi alikuwa chini ya jeneza hilohilo. Aliwaona!

Wenzetu wa Sudani wanafukiwa bila sanda, hakuna hata wa kupokezana. Kwa hiyo kosa lao ni kwamba hawapiti Mbagala? Bega langu haliwafikii, na hata ningekuwa nao hapa, mie mwanamke jeneza silibebi. Nilichonacho ni dua, nayo Idi kaibana kifuani kwake. Inaniuma. Inaniuma sana.

Sasa sikiliza ahadi yangu. Ukitimiza mwaka, kisomo nakifanya mie, nyumbani kwangu, na wanawake. Sitampa mtu neno la kunifikishia. Nikishalitaja jina lako nawataja na wao, kwa sauti, majirani wasikie. Idi nimeshamwambia aje akae barazani. Akija, ataitikia amina kama wengine. Akinuna, anune na pilau hali.

Mungu akupanulie kaburi lako, Mama yangu. Redio yako ninayo mie. Asubuhi hii wamesema tena Sudani, na ungo nimeuweka chini.

Mwanao,
Zuhura