Tulivyomtafuta Mudathiru Nyikani

Kamembe, Cyangugu
Jumatatu, 4 Novemba 2002

Mpendwa Dada Zaituni,

Asalaam aleikum warahmatullah. Naomba barua hii ikukute mzima wewe na shemeji, na kile kikohozi ulichokilalamikia kiwe kimekuachia nafasi ya kulala. Sisi huku hatujambo. Watoto wanakua na kelele zao zinakua nao. Gereji yangu ya pikipiki ipo palepale chini ya soko. Dagaa wa sambaza kutoka kisiwa cha Nkombo wamejaa mwezi huu, mke wangu anatupikia mchana na jioni, hata paka sasa anageuza uso. Keshokutwa, Mungu akipenda, tunaanza kufunga.

Najua unaruka mistari hii kutafuta jina la ndugu yetu Mudathiru. Nakuomba usiruke. Wewe huamini jambo mpaka uoneshwe njia yote lilikopitia, kwa hiyo nakuonesha njia yote.

Barua yako ya mwezi wa nane niliisoma mbele ya wazee kama ulivyoagiza. Pale uliposema kwamba tukimwoza mke wake Nasiba kwa mume mwingine tutakuwa tumemzika ndugu yetu akiwa hai, hakuna aliyeinua uso. Ulituchoma, Dada. Nasiba alikuwa chumba cha pili na alisikia kila neno. Ni miaka minne tangu mume wake aende Uvira kushona sare za shule na vita ikamfungia njia ya kurudi. Harelimana, yule seremala wa Gihundwe aliyefiwa na mke, ameposa kwa heshima naye amesubiri bila kulalamika. Sheikh amesema muda wa kisheria umetimia. Lakini Nasiba alikataa kuolewa kwa hesabu ya miaka. Alitaka mtu aje amwambie wazi, mume wako yu hai au mume wako amekufa.

Basi mwezi uliopita akaja mchuuzi wa vitenge kutoka Bugarama. Alisema upande wa Kongo, nyikani, ng'ambo ya Luvungi, mbali na barabara kubwa, kuna watu wanaovaa mashati yenye kola za kushonwa Kamembe, na kwamba huko inasikika cherehani. Nasiba alikuja gereji, akakaa juu ya tairi bovu, hakulia. Alisema tu, "Hakimu, wewe uko na pikipiki."

Sikukuandikia kabla ya kuondoka kwa sababu ungenikataza, nami ningekwenda vilevile, tukakosana bure.

Nilikwenda na Cassien, fundi ninayefanya naye kazi. Ni Mkristo, Mnyarwanda aliyezaliwa na kukulia Sange, huko huko uwandani Kongo, wazazi wake wakarudi huku baada ya mambo ya tisini na nne. Anazijua njia za ng'ombe za uwanda ule kuliko ninavyojua njia ya msikitini. Tulifunga nyuma ya pikipiki turubai, mablanketi, bidoni mbili za maji na moja ya mafuta, pampu, viraka na gundi, unga wa muhogo na karanga. Mke wangu alitazama mzigo ule akasema tunahama.

Wewe unaukumbuka uwanda wa Ruzizi kwa mahindi ya kuchoma na maembe aliyokuwa akitununulia Baba. Usiukumbuke hivyo tena. Mvua zimechelewa mno mwaka huu. Kutoka barabarani kwenda ndani ni ardhi nyeupe iliyopasuka, miiba, na minyaa iliyosimama bila jani hata moja. Mito midogo imekuwa michanga mitupu, na kwenye mchanga gurudumu linazama mpaka unashuka na kusukuma. Vumbi linaingia hata kwenye meno. Na tangu majeshi yaanze kuondoka, kila njia ina mwenyewe, na mwenyewe wa asubuhi siye wa jioni. Ndiyo maana tuliacha barabara mara tu baada ya Kamanyola.

Mchana wa siku ile tulikuta kamba imefungwa kati ya miti miwili. Cassien alininong'oneza nyuma ya sikio, "Usizime moteri, Vieux," yaani mzee, ndivyo anavyoniita. Nikazima. Mikono ilizima yenyewe. Walitoka vichakani wanaume wenye bunduki, mmoja amevaa koti la mvua katika jua lile.

"Munaenda wapi na hii moto?" akauliza mwenye koti, akiigonga pikipiki kwa bunduki.

"Tuko natafuta ndugu yetu," Cassien akasema. "Fundi wa kushona."

"Huku sisi tunashona batu midomo tu."

Wenzake walicheka. Mimi niliogopa, Dada, sitakudanganya, niliogopa mpaka nikasahau jina la baba yangu waliponiuliza. Cassien aliwajibu kwa Kifuliiru, lugha ya kwao, taratibu, macho chini, akawataja watu wa Sange aliosoma nao. Mwenye koti la mvua alisikiliza kwa muda mrefu. Mwishowe walichukua bidoni nzima ya mafuta na kushusha kamba. Walituachia yaliyokuwa kwenye tangi, na hadi leo sijui kwa nini.

Tulikwenda mbio. Tuliposimama ndipo nilipoona kwamba bidoni moja ya maji imesuguliwa na chuma cha kubebea mpaka ikatoboka. Ilibaki moja, nayo haikuwa imejaa. Mafuta yangetosha kwenda, lakini si kurudi. Cassien aliuliza kama tugeuze. Nilimfikiria Nasiba juu ya lile tairi, nikasema hapana. Nilisema kwa ukali, naye hakustahili ukali huo.

Jua likishuka tulilaza pikipiki chini kabisa, tukafunika vioo kwa blanketi visimulike, tukajilaza kando yake chini ya turubai. Hatukuwasha moto. Tulitafuna karanga. Kuna watu walipita karibu, wengi, wakitembea mmoja nyuma ya mwingine bila mazungumzo, na sisi tulikaa na karanga mdomoni bila kutafuna mpaka walipokwisha.

Alfajiri nilitaka kuswali, na maji yalikuwa ya kunywa tu. Nikapiga viganja ardhini, nikatayamamu, udhu wa vumbi. Hapo nilikukumbuka wewe na nikacheka peke yangu katika nyika ile ya hofu. Unakumbuka siku bomba lilipokatika, ukaona uvivu kushuka ziwani, ukatuambia tutayamamu uani? Ukatufundisha uso, mikono, kisha ukatupigisha vumbi mara ya tatu tujipake miguuni. Mwalimu wa madrasa alitucharaza kwa makosa mawili, kwamba maji yalikuwepo na kwamba miguu haimo. Mimi fimbo ilinifundisha. Mudathiru alimwambia mwalimu kwamba miguu ndiyo inayotembea, nayo ipate yake, akaongezwa fimbo, na hakuacha maisha yake yote. Mara ngapi sheikh amemsahihisha, naye anaitikia vizuri, halafu anajipaka miguu.

Siku iliyofuata tulipata pancha tatu za miiba. Maji tulikunywa kwa kizibo. Saa za mchana hivi, Cassien alipokuwa akiziba ya tatu, nilisikia kitu. Nilimwambia anyamaze na pampu yake. Ilikuwa cherehani, Dada. Sauti ya mguu unaokanyaga, inakimbia, inasimama, inakimbia tena, kama nilivyoisikia ukutani kwetu kila siku ya ujana wangu.

Niliacha pikipiki na Cassien nikakimbia. Kulikuwa na nyumba chache za udongo na ua wa minyaa. Niliita jina lake.  Cherehani ikanyamaza.

Akatoka msichana mwenye uzi mdomoni. Nyuma yake mama yake, mtu mzima, Maman Thacienne. Alinitazama uso wangu, unajua tulivyofanana mimi na Mudathiru, akashika mlango. Kisha akasema, "Kunywa maji kwanza, Papa." Nikajua.

Alitueleza tukiwa tumekaa chini. Mudathiru alifika kwake mwaka ule ule wa tisini na nane vita ilipoanza, akitokea Uvira kwa miguu, kichwa cha cherehani begani kimefungwa kwa kitambaa cha sare. Miguu yake ilikuwa imeoza kwa miiba. Mama huyu alimpa kona ya nyumba yake, na wanaume wa pale wakamtengenezea meza na kikanyagio kwa mbao na vyuma vya baiskeli. Alishonea kijiji kizima, akamfundisha yule msichana kazi, kola na yote. Miguu ilipopona njia ilikuwa imefungwa. Kila wiki alisema wiki ijayo ataondoka. Halafu homa ikamkamata, zahanati ya karibu ilikuwa imekimbiwa na watu wote, akafa kabla ya mvua za mwaka uliofuata. Mwishoni alikuwa anaongea na Nasiba kana kwamba yuko pale.

Sheikh alikuwa ameniusia kwamba nikikuta habari ya kifo nisiipokee tu. Niulize alivyozikwa, kwa sababu vita imejaa habari za kubahatisha. Na huko wanapita wachuuzi Waislamu wengi, na mafundi pia. Homa ile ingeweza kuwa ya mtu mwingine yeyote. Nilishikilia hilo, nakwambia kweli. Nikamuuliza nani alimwosha.

"Maji haikuwako," akasema. "Kisima ilikauka, na kule ku maji balikuwa basoda na bunduki yabo. Batu balisema Baislamu banaoshaka maiti yabo. Mimi niko Mkatoliki, sijue mambo yenu. Nikamufanyia vile nilikuwa namuonaka anajifanyia kila asubui. Njo ile tu nilijua."

Nilimwomba anioneshe. Alipiga magoti, akapiga viganja kwenye vumbi, akavipuliza, akajipaka uso. Akapiga tena, akajipaka mikono mpaka kwenye kiwiko. Nikasema moyoni, hivyo ndivyo afanyavyo kila Muislamu, hili bado halinioneshi kitu. Cassien alidhani amemaliza, akaanza kuinuka.

Mama yule akapiga vumbi mara ya tatu. Akainama, akajipaka miguu, wa kulia, kisha wa kushoto.

Nililia kwa sauti, Dada, mbele ya watu nisiowajua. Cassien alinishika bega.

Kaburi liko nyuma ya nyumba, limezungushiwa mawe, na wamemlaza akielekea alikokuwa akielekea alipokuwa anaswali. Nilipima kwa jua, ni kibla sawasawa. Niliswali peke yangu, Cassien amesimama nyuma na kofia mkononi, na Maman Thacienne na rozari yake. Cherehani nimemwachia yule msichana. Najua ungependa irudi nyumbani, na unaweza kunigombeza kwa hilo, lakini sikuweza kuibeba kutoka kwenye nyumba ile.

Kurudi sitakuchosha. Maman Thacienne alitujazia bidoni maji. Mafuta yalikwisha kabla ya Kamanyola, tukasukuma tukijificha kila tulipoona vumbi la gari, na tulipovuka kuingia Bugarama Cassien alikaa chini akakataa kusimama mpaka apate chai.

Nasiba alikuwa kwetu, na mke wangu, wakichambua mchele. Aliniona niko na Cassien tu. Nilimweleza kama nilivyokueleza wewe, ila nilirukaruka. Nilimwambia kwamba hakukuwa na maji, kwamba mama mmoja Mkristo alimtayamamisha kwa vumbi, usoni na mikononi. 

Nasiba aliweka ungo chini. Akauliza, "Na miguu?"

Nikamwambia, na miguu.

Ndipo alipolia, kilio cha miaka yote ile, na wanawake wa majirani wakaja.

Sheikh amesema eda yake ilikwisha zamani bila yeye kujua, kwa kuwa huhesabiwa tangu siku ya kifo. Ijumaa tulisoma hitma, msikiti ukajaa. Harelimana alikuja akakaa mwishoni kabisa na hakusema lolote kuhusu posa, na kwa hilo nimempenda zaidi. Nasiba naye amesema hatamjibu mtu yeyote mpaka neno lako lifike.

Uliandika kwamba tunamzika ndugu yetu akiwa hai. Amezikwa, Dada, na hatukumzika sisi. Alizikwa na mtu asiyejua dini yetu, kwa lile kosa tulilochapiwa fimbo, ulilotufundisha wewe uani. Hakuna aliyekuwa karibu naye siku ile kuliko wewe. Kwa hiyo liandike neno lako kwa Nasiba, na uliandike kwa mkono wako.

Msalimie sana shemeji, na watoto wote, na Mama Mdogo ambaye najua atasomewa barua hii mara mbili. Mke wangu anakusalimu, Cassien pia, ingawa hamjaonana. Mwenyezi Mungu aipokee saumu yako, akupe subira, na amlaze Mudathiru mahali penye maji tele.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, aliyebaki,

Hakimu