Valvu Yenye Rangi Nyekundu

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mama ameniambia umeanza tena kupanda ngazi kurekebisha feni za majirani, nikamwambia aifiche hiyo ngazi. Usimkasirikie yeye, wazo lilikuwa langu. Mimi ni mzima kabisa, nakula, nalala, na mikono inanuka mafuta ya kompresa kama yako ilivyokuwa.

Sasa habari za kazini. Ile ejekta uliyoicheka tumeifunga kwenye chumba cha baridi cha maziwa. Najua ulisema kitu kisicho na hata kipande kimoja kinachocheza hakiwezi kufanya kazi. Haya, subiri. Ni bomba tu, kweli: lina koo jembamba, kisha linapanuka. Gesi ikishapozwa na kuwa majimaji huingia pale kwa shinikizo kubwa, ikafyatuka kwa kasi, na kasi hiyo huivuta gesi inayorudi kutoka chumbani na kuisukuma kuelekea kwenye kompresa. Kompresa inakuta sehemu ya kazi imeshafanywa. Zamani nguvu ile yote ilipotelea kwenye ile valvu yako ya kushushia shinikizo.

Lakini wiki mbili za kwanza, Baba, niliumbuka. Kompresa ilinguruma kutwa kucha bila kupumzika, maziwa yakapanda hadi nyuzi saba. Mtunza stoo akaibatiza ejekta yangu jina la Pambo, na kila asubuhi aliniuliza kama Pambo limeamka. Meneja hakutania. Alisema Ijumaa ikifika hali ikiwa ileile, ataing'oa, ataleta fundi kutoka nje, na mimi nitarudi kuosha vichujio. Nikamjibu kwamba hiyo Ijumaa hatutaifikia mtambo haujatengemaa. Mdomo wangu unaujua, nimeurithi kwako.

Alhamisi asubuhi nikafanya kama ulivyonifundisha nikiwa mdogo: ncha ya bisibisi kwenye bomba, mpini sikioni. Kwenye ejekta, kimya. Nikarudi nyuma hatua mbili, nikausikia ule mluzi wa valvu yako.

Sasa kaa chini nikwambie ukweli. Valvu yako ilikuwa bado ipo, na gesi ilipita kwanza humo ndipo ifike kwenye ejekta, ikiwa imeshachoka. Niliiacha makusudi. Mchoro ulisema iondolewe, mimi nikaukunja mchoro nikautia mfukoni, na meneja nikamdanganya kwamba mtambo unahitaji muda wa kuzoea. Siku ya kustaafu uliipaka rangi nyekundu ukaniapisha kwamba hakuna atakayeigusa, hata ukiwa kaburini. Basi niliogopa. Mtu mzima mimi, fundi mkuu, namwogopa baba aliye mbali safari ya siku nzima, hadi maziwa ya watu yakakaribia kuchacha!

Nimeikata, Baba. Nilimwita meneja kwanza, nikamweleza kosa lilikuwa la nani, kisha nikatoa gesi yote na kuikata kwa mikono yangu mwenyewe. Tulipowasha tena, hadi jioni nyuzi zilikuwa tatu, na kompresa ikajizima yenyewe ipumzike. Mtunza stoo alidhani umeme umekatika, akakimbilia tochi.

Nililia kidogo, sikufichi. Valvu ilikuwa safi ndani, haina hata mkwaruzo, baada ya miaka kumi na tisa. Kazi yako uliifanya sawasawa. Ila ule mluzi tuliojivunia wewe na mimi, tukisema valvu inaimba, kumbe ilikuwa nguvu inapotea.

Inakuja pamoja na barua hii, nimeifunga kwenye shati langu la kazi. Nuna ukitaka, una haki. Lakini ukimaliza kununa, njoo na bisibisi yako usikilize mwenyewe. Ulizoea kuniambia kwamba mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Baba, nimesana.

Mbusu Mama kwa niaba yangu, na hiyo ngazi ibaki ilikofichwa mpaka nije.

Ni mimi binti yako,
Bisibisi