Tunda la Kichaka cha Fidelis

Katindiuka, Ifakara

Fidelis, Mpogoro mkaidi,

Habari ninayo, tena kubwa, lakini utangoja. Mara ngapi ulinisimamisha njiani, umepiga magoti mbele ya jani, na mimi nimeshika baiskeli mbili juani kama mtumishi wako? Leo ni zamu yako kusimama.

Nyumbani kwanza. Mkeo, Mama Agata, hajambo. Agata yuko darasani kwangu na ananibishia mbele ya wenzake. Namkaripia, kisha jioni nakaa nikifikiria hoja yake, kwa sababu mara nyingi ni nzuri. Kivuko kimeharibika tena. Nimeandika gazetini, Bwana DC amesoma, na sasa tukikutana barabarani anatazama mtoni. Najua ungesema nini. Ulishasema, siku ile umelala kitandani na homa, sauti imebaki kidogo: "Mngoni, wewe ungegombana hata na mvua kwa kuchelewa."

Nikuambie mazishi yako yalivyokuwa, maana wewe peke yako hukuyaona.

Unajua kazi ya mtani msibani. Wenzako wote walilia, mimi nilivaa kofia yako na miwani yako, nikatembea kati ya waombolezaji nikiinama kila penye majani, nikisema kwa sauti yako, "Ngoja, ngoja, hili sijaliona." Shangazi yako alicheka huku kamasi zinamtoka. Kisha kaburi lilipokwisha kuchimbwa, nikarukia ndani nikalala chali. Padre alikunja uso. Ndugu zako wakaniita, "Mtani, toka, jua linakuwa kali." Nikawaambia sitoki mpaka nipewe mali ya marehemu. Wakanitolea jogoo. Nikamkataa, nikasema ni mwembamba kama Mpogoro. Wakacheka, wakaniuliza basi nataka nini.

Nikasema nataka zile mbao zake za kukaushia majani, na kila kilichobanwa ndani yake.

Walidhani ni mzaha. Mama Agata tu ndiye aliyeelewa. Alikwenda mwenyewe nyumbani akazileta, zimefungwa kwa ile mikanda yako ya baiskeli, akanishushia mikononi nikiwa ndani ya shimo. "Chukua, shemeji," alisema. "Lakini umalize."

Ndani yake kulikuwa na tawi la kile kichaka cha mlimani Mbingu, maua yake ya njano yamekauka bila kupoteza rangi. Kulikuwa na maelezo yako uliyoyaandika kwa Kilatini cha seminari, maana hao wakubwa wa mimea hawakubali mmea mpya mpaka uelezwe kwa Kilatini. Na kulikuwa na jibu lao kutoka ng'ambo: kwamba mmea huu ni uleule wanaoujua siku zote, labda umebadilishwa kidogo na udongo, na kwamba bila tunda lililokomaa hawawezi kusema zaidi.

Ulikufa ukiwa umeambiwa umekosea. Hilo ndilo lililonitia mimi kaburini, si mila peke yake.

Wewe ulikuwa umenionyesha. Ulilipasua ua lile kwa wembe, ukaniita nichungulie. Jani la juu uliliita bendera, mawili ya pembeni mabawa, na mawili ya chini yaliyoshikana ukayaita mtumbwi. "Huo wanaousema wao," uliniambia, "mtumbwi wake umenyooka. Wa kwetu umeinua pua na kuisokota. Udongo hausokoti pua ya mtu." Nilicheka, lakini tangu siku ile sijapita kwenye ua lolote la jamii ya kunde bila kulifungua.

Basi nikaandika. Unanijua. Niliwaandikia hao mabwana barua ndefu ya moto. Nikawauliza, hilo neno kugundua maana yake nini hasa. Wanawake wa Mbingu wanakata matawi ya mti huo kufagilia nyua zao tangu bibi zao. Ulikuwa umefichwa wapi hata ukangoja kugunduliwa? Nikawauliza kama karani Mwafrika kama wewe akisema pua imesokotwa, macho yake nayo yanahitaji kuthibitishwa na udongo. Nilitaja wanafalsafa. Nilijisomea kwa sauti, nikajipenda sana.

Wakajibu kwa adabu, kwa mistari michache. Hawakubishana na neno langu hata moja. Wakaomba tunda.

Fidelis, hakuna aliyewahi kunishinda vibaya namna hiyo.

Nikapanda Mbingu mvua zilipokwisha. Maganda yalikuwepo, mafupi, yana manyoya ya rangi ya dhahabu, karibu kukauka. Nikachuma kikapu, nikarudi Katindiuka nikijiona mtaalamu. Nikamwachia mke wangu kikapu, nikaenda shule. Naye Rozina aliona mbegu, akazitendea kama mbegu: akazitundika juu ya jiko, kwenye moshi, pamoja na mahindi ya kupanda, wadudu wasizile. Nani wa kumlaumu? Kila nyumba ya bonde hili inafanya hivyo.

Jioni tumekaa tunakula. Tiki. Kisha tiki, tiki. Maganda yale yakipata joto yanajisokota na kupasuka, yanarusha mbegu kama manati. Moja ilinipiga sikioni. Watoto waliingia chini ya meza wakishangilia. Mbegu ziliruka kwenye majivu, nyingine kwenye chungu cha mboga, na hakuna ganda lililobaki zima. Rozina alitazama chunguni, akasema taratibu, "Basi tumekula mti wa Fidelis."

Nikakimbilia Mbingu kesho yake kutafuta mengine. Mlima ulikuwa mweusi. Walikuwa wamekwisha kuchoma mashamba, na moto ulikuwa umepanda mpaka juu.

Nilikaa pale kwenye majivu. Nilizungumza nawe, na sitayarudia hapa niliyoyasema, kwa sababu si ya kuandikwa.

Lakini ule mti una ukaidi wa kwenu. Mvua zilipokuja ulichipua kutoka mizizini, ukatoa maua kuliko mwanzo. Safari hii nilikwenda mapema. Nikakata chandarua kikuukuu vipande vipande, nikafunga kila tawi lenye maganda, yakipasuka yapasukie ndani. Kisha nikaogopa moto. Shamba lililo chini ya kichaka ni la Mama Agata, na moto unaopanda mlima unaanzia kwake na kwa majirani zake. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Hakuniacha niianze.

"Nitachoma ukishamaliza kuchuma," alisema. "Nao nimewaomba wangoje."

Majirani walingoja kidogo, kisha wakachoma upande wao, na yeye akakata njia ya kuzuia moto kwa jembe lake mwenyewe. Alibaki peke yake na shamba lenye magugu makavu, mawingu yanakusanyika. Wakasema huzuni imempanda kichwani. Mmoja alimwambia kisimani, "Mama Agata, mwaka huu utavuna ufagio." Akamjibu, "Nitakuuzia, maana uwanja wako unahitaji." Alipanda mpunga wake nyuma ya wote, Fidelis, na amepata kidogo kuliko wote. Nilipelekea nyumba yako mpunga kutoka kwetu. Alipokea, nami nilishukuru kwamba hakuniambia asante.

Sasa simama vizuri.

Maganda niliyachuma ndani ya chandarua nikawatumia, na jibu limekuja. Tunda limewatosha. Wanasema ganda lile na mbegu zile, zenye ulimi mweupe pembeni, hazina ndugu katika yote waliyo nayo, na kwamba pua ya mtumbwi imesokotwa kweli. Ni mmea wa peke yake. Kilatini chako watakichapa kama ulivyokiandika, wameongeza tu maneno ya tunda. Na wana desturi moja ambayo sikuijua: baada ya jina la mmea, linafuata daima jina la mtu aliyeueleza kwanza. Kwa hiyo yeyote atakayeuandika mti huu, popote duniani, itambidi akuandike na wewe.

Nilikuwa nimeshaanza barua nyingine ya kuwashambulia endapo wangekataa. Ilikuwa nzuri. Nimeichana.

Nilikwenda kumwambia Mama Agata. Nikamwambia kama mtani anavyopaswa: kwamba Mpogoro mliyemzika amefanywa mkia wa mti. Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaenda nyuma ya nyumba, akakaa huko kwa muda, nami sikumfuata.

Nakuahidi hivi. Kila mwaka, kabla ya watu kuchoma, nitapanda mlima ule nikafyeke nyasi kukizunguka kichaka chako, mpaka magoti yangu yakatae. Yakikataa, Agata amesema ataenda yeye, kwa sharti nisimfuate nikimhutubia njiani.

Kwaheri, Fidelis. Nimekukumbuka sana mwaka huu.

Mtani wako, Mngoni