Kimya cha King'ora

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka huku Uholanzi. Hujambo? Goti linaendeleaje? Baba bado anakohoa asubuhi? Na yule mbuzi mwenye pembe moja, amezaa? Mimi mwili ni mzima, nakula, na ile sweta yako uliyonikataza kuivua hata ndani ya nyumba naivaa. Ila moyo hauko sawa. Naogopa, Mama, na sitazunguka. Usipite tena ile njia ya kando ya fensi kwenda kwa tangi la maji alfajiri eti kwa sababu king'ora hakijalia. Usipite. Sasa keti nikueleze.

Kazi yangu unaijua, ingawa majirani unawaambia natengeneza simu. Naandika programu za kuzifanya mashine mbili zizungumze. Kila mashine inafungua kijimlango chake, tunakiita soketi, na ujumbe unapita hapo. Sianzi kila kitu mwanzo. Natumia laibrari ya lugha ya C, yaani mistari ambayo wengine walishaiandika, nami naiazima. Ndiyo hiyo hiyo niliyotumia nilipokuja Krismasi nikawafungia king'ora. Ndovu akigusa waya, kisanduku cha kwenye fensi kinatuma ujumbe, na kile cha sebuleni kikiupokea kinapiga kelele.

Jana kazini tulikuwa tunajaribu mashine za ghala. Mwenzangu akachomoa waya wa mashine ya kupokea, aone ile inayotuma itafanya nini. Haikushtuka hata kidogo. Iliendelea kuandika kwenye skrini: imetumwa, imetumwa, imetumwa. Wenzangu walicheka. Mimi nilitoka nje nikaanza kukupigia simu.

Maana yake ni hii. Ukiiambia laibrari ile itume, inauchukua ujumbe, inautia kwenye mfuko wake, kisha inakwambia imetuma. Ni kama mzigo unaouacha stejini Voi, na mtu wa basi anakwambia, "Huo umeenda, mathe, usijali." Umetoka mikononi mwako, basi. Kama umefika huko nyumbani Kasigau, yeye hajui. Ukitaka kujua, lazima upande wa pili urudishe jibu, na jibu hilo ni mwenye programu aliandike. Mimi sikuliandika. Tulijaribu, king'ora kikalia, Baba akapiga makofi, nami nikafunga begi nikarudi zangu.

Na mimi ni mtoto wa dunguni, Mama! Nimelala mara ngapi kwenye kile kibanda cha kulindia shamba? Baba akiwaona ndovu aligonga debe, na Mzee Mwadime ng'ambo ya korongo ilikuwa lazima agonge lake. Asipojibu, Baba hakuacha kugonga. Akizidi kunyamaza, watu walishika tochi wakaenda kumtazama. "Debe lisilojibiwa halijagongwa," ndivyo alivyotufunza. Nimesoma mpaka nimevuka bahari, na debe nimelisahau nyumbani.

Kinachoninyima usingizi ni maneno ya kaka yangu Mwakio. Wiki iliyopita alinipigia kutoka Taveta, anacheka. "Dada, hiyo mashine yako ni moto! Mahindi yamekomaa na king'ora hakijalia hata siku moja. Mama siku hizi anaenda kwa maji pole pole kama bibi harusi." Nikacheka naye. Leo sicheki. Tangu lini mahindi yakakomaa Kasigau na ndovu wasije? Labda panya wamekula waya wa sebuleni. Labda sola imekosa jua na kisanduku kimezima. Cha fensi hakiwezi kujua. Kitatuma, kiseme kimetuma, na ndovu amesimama nyuma ya tangi.

Zamani, kukiwa kimya ulitembea kwa tahadhari. Ulikohoa, ukasimama, ukasikiliza matawi kabla ya kupiga hatua nyingine. Mimi ndiye niliyekuja kukwambia kwamba king'ora kikinyamaza njia ni salama, na kwa sababu ni mimi, uliamini. Hilo linaniumiza kuliko yote.

Tangu jana napiga simu. Yako, mteja hapatikani. Ya Baba, mteja. Mwakio anasema mnara wa simu wa huko umelala tangu ile mvua, na yeye hawezi kutoka Taveta mpaka auze nyanya zake. Kwa hiyo barua hii namtumia binamu Mkamburi kwenye duka lake la kuchapisha pale Voi, aichapishe, kisha ampe mtu wa bodaboda aje nayo.

Tafadhali, Mama. Kizimeni kile kisanduku cha sebuleni kabisa. Baba arudi dunguni na debe lake, kikohozi na yote, avae koti zito. Maji mchote jua likishatoka, tena mwende wengi. Mimi naanza leo kuiandika upya ile programu. Kisanduku cha fensi kitakuwa kikiuliza, "Upo?" na kisipojibiwa kitapiga kelele chenyewe, kama Baba.

Nisalimie Baba, na mwambie najua atanicheka. Msalimie Mzee Mwadime, jirani yetu wa debe, mkono wake usichoke. Shangazi Mghoi akishuka kutoka Werugha na kabichi zake, mwambie asitangulie peke yake njiani hata akiwa na haraka.

Mkamburi ameniahidi kwamba mtu wa boda akiondoka tu, ataniandikia: imetumwa. Neno hilo, Mama, silitaki tena. Ukishaisoma barua hii, mpe mtu wa boda kitu kutoka mkononi mwako, hata ganda la hindi, alifikishe kwa Mkamburi, na yeye anipigie picha. Sina haja ya maneno. Nikiliona hilo ganda nitajua uko hai na umesikia.

Mpaka nilione, mimi huku nagonga tu.

Mwanao,
Wakesho